Kumbukumbu za Mkutano, Ahero

Nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko,
si kwa sababu ya hekima. Basi naandika.

Mahali: ghala la mpunga, Ahero. Mlango mmoja haufungi
tangu mafuriko ya Aprili yalipong'oa bawaba.
Saa: nne asubuhi kwa barua, saa sita kwa miguu.
Waliohudhuria: vikundi saba, mihuri saba,
kila muhuri umeviringwa kitambaani kama yai.
Waliotuma udhuru: wavuvi wa Kusa, magugumaji yameziba gati.
Asiyealikwa: mto. Ulikuwa nyuma ya ukuta, ukisikiliza.

Ajenda ya kwanza ilikula saa nzima:
jina la nani litangulie kwenye bango.
Vijana wa bodaboda walisema wao ndio wengi.
Wakulima wa mpunga walisema ghala ni lao.
Mama Khavere wa mizinga akasema nyuki hawajui kusoma,
andikeni mnavyotaka. Tukacheka. Hatukukubaliana.
Nikaandika: suala limeahirishwa.

Ajenda ya pili, fedha. Hapo kila mtu alikaa wima.
Akaunti ya nani? Saini za nani?
Nani alikula nauli za semina ya Kisumu mwaka juzi?
Mengine sikuyaandika. Kalamu nayo ina adabu zake.

Ndipo Kiptalam wa Tinderet akasimama,
fulana yake ya kijani imepigwa pasi hadi mikunjo inakata,
akasoma kwa sauti ya risala:
miche elfu mbili na mia tatu, mianzi kando yake.
"Sisi wa juu tumefanya letu. Nyinyi wa chini je?"

Rosebella Apondi hakuomba nafasi.
Alipita katikati ya viti na sufuria isiyo na kifuniko
akaitua mezani, juu ya orodha ya miche.
Ndani: udongo mwekundu, mkavu,
umepasuka kama kisigino cha kiangazi.
"Nimeukwangua sakafuni, chini ya kitanda cha mama mkwe.
Kwetu Kano udongo ni mweusi, hata mtoto anajua.
Huu si wetu.
Nimekurudishia shamba lako."

Kiptalam alichovya kidole. Akanusa.
Akaonja kidogo, kama mtu anayeonja mboga ya jirani
akitafuta nani amesahau chumvi.
Alisema neno moja kwa Kinandi, hakuna aliyelitafsiri.
Kisha, polepole, akiwa bado ameinama:
"Huu ni wa mteremko wa marehemu kaka yangu.
Ule msitu tuliukata mwaka wa karo.
Miche niliyosoma hapa iko kando ya barabara,
mahali wageni wanapoiona."

Akidi ilikuwepo. Hakuna aliyependekeza,
hakuna aliyeunga mkono, ila tulijikuta tunahesabu:
mvua ikianza kwake usiku,
maji huchukua saa ngapi kufika kwetu?
Saba, akasema mmoja. Tisa, mto ukiwa na usingizi.
Saa saba zinatosha kupandisha kuku darini,
kumtoa mtoto, kutoa daftari, mbegu,
hata mlango wenyewe ukitaka.
Mbona miaka yote hii
hapakuwa na mtu mwenye namba ya simu ya mwenzake?

Azimio: namba zibadilishwe leo, kabla ya chai.
Na wa Kano wapande juu Jumamosi na majembe yao,
kwenye mteremko ule, si barabarani.
Bango libaki tupu.

Yatokanayo: usiku wa Jumanne, saa nane,
simu ya Apondi ililia.
Sauti ya mtu mzima, nyuma yake mvua inapiga bati:
"Imeanza huku. Amka. Waamshe na wengine."

Mengineyo: mlango wa ghala haujatengenezwa.
Sufuria ya Apondi ingali Tinderet.
Hajaiulizia.